Chai Iliyonyweshwa Mshubiri

Wengine wakikosana na wachumba wao hurudishiwa pete. Mugo alirudishiwa koti. Naisula alimpa mtu wa boda alilete hadi dukani Kitengela, limefuliwa, limekunjwa vizuri, lakini mkono wa kushoto bado ulikuwa na manyoya ya paka ambayo hata sabuni ilikuwa imeshindwa nayo. Mugo alilitundika nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, akaapa hatalivaa tena. Siku ya pili akalivaa. Siku ya tatu mteja mmoja akamwangalia mkono akamuuliza kama siku hizi anauza na paka. Mugo, ambaye kwa kawaida angempa mama huyo jibu la kumchekesha hadi Isinya, akasema tu, "Tulikuwa naye, mama. Ameisha."

Siku ya kumi na tano, Ijumaa jioni, simu ikaita.

"Mugo."

"Naisula." Alilitamka taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli iliyobadilishwa.

"Kesho Inspekta anapimwa sukari siku nzima, kila baada ya saa mbili. Daktari Amolo amesema tumpimie nyumbani, juu akifika kliniki anaogopa, sukari inapanda yenyewe. Nimejaribu kumshika na Yeyo. Niko na mikwaruzo hadi kwa kiwiko."

"Anataka koti."

"Anataka koti," Naisula akakubali. "Njoo saa moja asubuhi. Na usije na maneno."

"Nije na nini basi?"

"Na koti, Mugo."

Akakata. Mugo alibaki ameshika simu, akitabasamu kama mtu aliyeitwa arusini, ilhali ameitwa kushika paka.

*

Inspekta alikuwa paka wa marehemu baba yake Naisula, mwalimu mkuu aliyempa jina hilo kwa sababu kila jioni alipita sufuria moja baada ya nyingine, akinusa kama mkaguzi wa shule, na hakuna siku aliyokosa kupata kasoro. Mzee alipofariki, paka alichukua kiti chake, na hakuna mtu aliyethubutu kumtoa. Kisha, miezi mitatu iliyopita, akaanza kunywa maji kama ngamia na kukonda kama kamba. Walipomfikisha kwa Daktari Amolo alikuwa amelegea, pumzi inanuka kama tunda lililooza. Sukari, daktari akasema, tena imeachwa hadi damu imeharibika. Alilazwa siku sita na dripu mguuni. Alirudi nyumbani Kisaju anakanyagia visigino, kama mzee aliyevaa ndara kubwa kuliko miguu yake, na amri kali: uniti mbili za insulini saa moja asubuhi na saa moja jioni, baada ya kula, asikoseshwe na asizidishiwe.

Sindano ya jioni haikuwa na shida. Ya asubuhi ndiyo ilihitaji mtu wa kutafutwa, kwa sababu Naisula alichukuliwa na basi la shamba la maua alfajiri, kwenda Isinya alikosimamia wanaofunga waridi, na mama yake alishika sindano pale tu ilipobidi. Mugo akajitolea. Alikuwa akipeleka chakula cha kuku upande huo wa barabara ya Namanga kila siku, na alishadunga vifaranga wengi kuliko manesi wa wilaya nzima. Kwa hivyo mapenzi yao, yaliyokuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, yakaingia kwenye sindano. Naisula akirudi jioni alikuta karatasi juu ya friji: *Inspekta amekula, amedungwa, amenitukana kwa lugha ya paka. Nakupenda.* Alizikusanya zote kwenye Biblia yake.

Shida ilikuwa mama, Yeyo, kama Wamaasai wanavyomwita mama.

Kuanzia siku ya tatu, kila asubuhi Mugo alipozima pikipiki nje ya nyumba ile ya mawe, mlango wa nyuma ulifunguka, na alichobahatika kuona ni pindo la shuka nyekundu likiyoyoma kuelekea zizi la mbuzi. Mama Naisula hakumsalimu. Hakumtazama. Mezani palikuwa na trei: chupa ya chai, kikombe kimefunikwa kifudifudi juu ya sahani yake, na kitambaa cha kufumwa juu ya vyote. Asubuhi ishirini na sita, pindo la shuka na trei. Asubuhi ya kwanza tu ya trei, Mugo alimpigia simu mama yake, Rahab, kumuuliza maana yake, na Rahab hakuhitaji kufikiri.

"Mtu akikuachia chai mezani kama fundi wa bomba, hakutaki," alisema. "Na mimi nilikwambia, hao watu wana mambo yao. Chai ya mtu asiyekutazama usoni usiinywe, kijana wangu. Hujui imechemshwa na moyo gani."

Basi Mugo hakuinywa. Lakini pia hakutaka kuonekana ameikataa. Kila asubuhi, baada ya sindano, alitia mkono chini ya kitambaa, akaibeba chupa, akaumwagia chai mshubiri uliokuwa kando ya mlango, akairudisha tupu. Alijiona mjanja sana.

Kisha ikaja ile asubuhi ya mvua. Matope ya Kisaju yalimshika Mugo hadi saa mbili kasoro robo. Aliingia mbio, akamlisha paka kipande cha kuku, akamdunga, akaumwagia mshubiri chai, akaenda zake. Saa nne Inspekta alikuwa sakafuni anatetemeka, macho yamegeuka. Alikuwa amedungwa mara mbili. Mama Naisula alimpaka asali kwenye ufizi kama daktari alivyowahi kuwafundisha, akamfunga kwenye shuka, akapanda boda hadi Kitengela.

Mugo, aliyepigiwa simu akaambiwa kuhusu sindano mbili, aliwakuta kliniki. Naisula alikuwa ametoka kazini na gambuti zake, macho mekundu. Mama alikuwa kwenye benchi, vidole vinanata asali, na Mugo alipoingia tu, mama akageuza uso ukutani. Kule kugeuka ndiko kulikomtia Mugo wazimu.

"Muulize mama yako," alimwambia Naisula, mbele ya watu na mbwa wao. "Alimdunga akanyamaza. Alijua nakuja. Alitaka nimuue paka wa marehemu kwa mkono wangu, ndio mpate sababu ya kunifukuza. Angalia, hata kunitazama hawezi."

Kesho yake koti likaja.

*

Jumamosi hiyo, saa moja asubuhi, Mugo alizima pikipiki akasubiri kusikia mlango wa nyuma. Haukulia. Mlango uliofunguka ulikuwa wa mbele, na aliyesimama pale alikuwa Mama Naisula mwenyewe, mrefu, shuka begani, akimtazama moja kwa moja. Alikuwa na macho ya Naisula, ila yaliyoona mengi zaidi.

"Sopa, Mugo."

"Ipa," Mugo akajibu, na mshangao ukamfanya aongeze, "habari ya asubuhi, habari ya mbuzi."

"Mbuzi wazima. Karibu ndani."

Akampa mkono. Akamkalisha. Akamimina chai kwa mkono wake, akaisogeza mbele yake pamoja na kopo la sukari. "Sukari hiyo hapo, jiwekee." Mugo alikunywa kikombe kizima, akaomba cha pili, akasifu majani, akasifu maziwa, na nusura aisifu chupa. Mama alitabasamu kwa adabu. Kisha akachukua fimbo yake akawatoa mbuzi, kwa mlango wa mbele, akipita karibu kabisa na goti la Mugo.

Kumbe ugomvi nao ni ufunguo, Mugo akawaza, moyo umemjaa. Kumbe ningegombana mapema.

Naisula alitoka chumbani na mashine ya kupima sukari mkononi na soksi yenye mchele wa moto. Alikuwa amefunga leso kichwani, bila hereni, na Mugo alimwona amekonda. Alitaka kusema. Akakumbuka amri ya maneno.

"Uko sawa?" akauliza.

"Shika paka."

Inspekta alikuwa kwenye kiti cha marehemu. Alinusa koti, akatafakari, kisha akasukuma kichwa chote ndani ya mkono wa kushoto kama mtu anayerudi nyumbani baada ya safari ndefu. Sikio moja tu lilibaki nje. Naisula akalipasha moto kwa soksi, akalichoma kidogo pembeni, tone likatoka. Vichwa vyao vilikaribiana juu ya paka. Naisula alinuka sabuni na waridi, ile harufu ya kazi isiyomtoka hata Jumapili, na Mugo alishikilia pumzi yake asije akaimaliza.

"Kumi na tisa nukta nane," Naisula akasoma, akaandika nyuma ya kalenda. "Mlishe."

Paka akala. Akadungwa, mara moja, wote wawili wakitazama. Kisha wakakaa kusubiri saa tatu, mmoja upande huu wa meza, mmoja upande ule, kama watu kwenye foleni ya ofisi.

Saa tatu ilisoma kumi na tano. Mugo akashindwa kunyamaza.

"Lakini umeona mama leo?" alisema chini chini, akimpapasa paka. "Amenisalimia kwa mkono. Amenimiminia chai. Mwezi mzima namtafuta huyo mama kama mtandao, leo amepatikana. Nafikiri amenikubali, Naisula."

Mkono wa Naisula ulisimama juu ya kalenda. Alimtazama, na katika macho yake hapakuwa na hasira. Palikuwa na kitu kibaya kuliko hasira, kitu kama kumwonea mtu huruma.

"Nimesema nini kibaya?"

"Hakuna. Saa tano nitatumia sikio la kulia. Hili limechoka."

*

Kabla ya saa tano Naisula alitoka kumwaga maji. Alikaa nje kuliko maji yanavyotaka. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Mugo, mbona sisimizi wamejaa pale chini ya mshubiri? Yeyo anawamwagia majivu kila siku, wanarudi. Ardhi yenyewe inanata."

Mugo aliivuta kola ya koti. Aliangalia paka. Paka alikuwa ndani ya mkono wa koti, hakutaka kuhusishwa.

"Mugo."

"Ni chai."

"Chai gani?"

"Ya mama yako. Nilikuwa naimwaga pale." Akajaribu kucheka. "Nimeunywesha mshubiri wenu hadi nadhani usiku haulali."

Naisula hakucheka. Alivuta kiti, akakaa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna msiba lakini hajaambiwa wa nani.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ile siku ya mvua?"

"Na hiyo pia."

"Ulimimina kwa kikombe ukamwaga, au ulimwaga na chupa?"

"Na chupa. Kikombe sijawahi kukigusa. Kwani?"

Naisula alifunika uso kwa viganja viwili. Alipozungumza, sauti ilitoka katikati ya vidole.

"Siku ile Yeyo alingoja hadi saa moja na nusu. Hujafika, mvua inanyesha, paka analia. Akamlisha, akamdunga. Kidogo akasikia pikipiki. Akachukua ile sindano iliyotumika, akaiwekea kifuniko, akaiweka kwa sahani, akafunika na kikombe. Kikombe chako. Akasema moyoni, mtu anayekunywa chai lazima ainue kikombe. Akatoka. Aliporudi alikuta kikombe bado kimefunikwa, sindano iko palepale, na chupa tupu." Akashusha mikono. "Mugo, mama yangu amekaa wiki mbili akijiuliza ni mtu gani hunywa chai na mdomo wa chupa."

Nje mbwa wa jirani alibweka, akanyamaza. Mugo aliangalia kikombe chake cha asubuhi.

"Lakini angeniambia," alisema. "Alikuwa pale kwa mbuzi, hatua ishirini. Angepaza sauti tu. Angenipigia."

"Kwa namba gani? Mama hamwombi mkwe namba ya simu."

"Mkwe?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika nne. "Shika paka," Naisula akasema, na ilibidi amchome mara mbili, kwa sababu macho yake hayakuwa kwenye sikio. Kumi nukta mbili. Akaandika, namba zikapinda.

"Kwetu," alisema bila kuinua kichwa, "mama hakai na mume wa binti yake. Hali naye meza moja. Akimwona anakuja, anampisha, anageuza uso. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote alizo nazo, anaitunzia mtu mmoja tu. Yeyo alianza kukukimbia lini, unakumbuka?"

Mugo alikumbuka. Mwanzoni mwa mapenzi yao mama alikuwa akimsalimia vizuri, hata kumtania kuhusu kuku. Kisha, mwezi Inspekta alipotoka kliniki, alianza kutokea mlango wa nyuma. "Nilipoanza kuja kumdunga paka."

"Ulipoanza kuja kumdunga paka wa mume wake, kwenye mvua na jua, bila kuitwa. Siku ya tatu aliniambia, huyu sitasimama mbele yake tena. Mimi nililia kwa furaha, Mugo. Alishaongea na mjomba Katoo kule Entarara. Mwezi wa nane wazee wenu wangepokelewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Umezaliwa Kitengela. Umesoma na sisi, umecheza na sisi, unauzia sisi chakula cha kuku. Nilidhani unajua. Na kama hukujua, mbona hukuniuliza?"

"Nilimuuliza..." Akaishia hapo.

"Ulimuuliza nani?"

"Mama yangu."

Naisula akatikisa kichwa polepole. "Ulienda kuuliza maana ya mama yangu kwa mama yako."

Hilo lilimwingia Mugo kuliko sindano. Chai aliyokunywa asubuhi, vikombe viwili, ikaanza kumrudia kichwani: ule mkono aliopewa, lile kopo la sukari lililosogezwa, yale macho yaliyomtazama bila kupepesa, shuka iliyopita karibu na goti lake kama hakukuwa na goti.

"Na leo?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Leo amekusalimia kama anavyomsalimia mtu wa stima akija kusoma mita."

*

Saa saba sukari ilishuka hadi saba nukta nne, mahali ambapo Daktari Amolo aliomba ifike. Siku nyingine wangeshangilia. Naisula alipika ugali na sukuma, akamwekea Mugo sahani. Alikula matonge matatu, mengine yakakataa.

Saa tisa ilikuwa tisa na kidogo. Walikuwa wamekaa sakafuni sasa, migongo kwenye kochi, paka katikati kama mzee wa kanisa.

"Naisula, nilikosea."

"Ulikosea nini? Sema, nisikie kama unajua."

"Kumdunga mara ya pili."

"Hilo lilikuwa bahati mbaya. Hilo nilikusamehe hata kabla boda haijafika Kitengela." Alikuwa akiokota manyoya kwenye mkono wa koti, moja moja, bila kujua anafanya hivyo. "Inspekta alipona. Sindano hukuichagua. Maneno uliyachagua. Ulisimama pale, mama yangu ana asali mikononi, amemwokoa yule paka, amekugeuzia uso kwa heshima hata siku ya balaa, wewe ukamwita muuaji. Mbele ya Daktari. Mbele ya yule mama wa mbwa mweupe, ambaye tunakaa naye benchi moja kanisani."

"Nilikuwa na uchungu."

"Mimi pia nilikuwa nao. Uliniona nikimtukana mtu?"

Ulimi uliokuwa ukimpatia Mugo wateja, marafiki na mwisho Naisula mwenyewe, ulilala mdomoni kama nyama ya mtu mwingine.

"Mimi hupenda mzaha wako," Naisula akasema, taratibu zaidi. "Nilikupenda kwa huo mdomo. Nilikuwa sijawahi kuuona ukiwa na meno."

Alilaza kichwa kwenye kochi, akafumba macho. Mkono wake ulikuwa sentimita chache kutoka kwa ule wa Mugo. Mugo aliutazama ule mkono, mikwaruzo ya paka imepita juu yake kama ramani, na hakuugusa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kutaka kitu sana na kukiacha.

Saa kumi na moja ilikuwa kumi na tatu nukta moja. Naisula alikuwa bado anaandika waliposikia kengele za mbuzi zikishuka kutoka upande wa barabara, na fimbo ikigonga jiwe.

"Yeyo anarudi," akasema.

Mugo aliinuka. Akavua koti, akaliweka juu ya kiti cha marehemu, akamchukua Inspekta akamtia ndani yake, kichwa mkono wa kushoto.

"Unaenda wapi? Kimebaki kipimo cha mwisho."

"Koti libaki. Mama atamshika, koti likiwepo hatakwaruza."

Akafungua mlango wa nyuma. Kwa siku ishirini na sita ule mlango ulikuwa umemtukana. Leo aliinama kidogo kupita, kwa sababu ulijengwa mfupi, akatokea nyuma ya nyumba, akaenda hadi upande wa mbali wa zizi, akageuzia nyumba mgongo. Upepo wa Kisaju haujui shati. Uliingia kwa kola, ukatokea kiunoni.

Mbuzi walifika, wakamzunguka wakimshangaa. Alimsikia mama akifunga lango, hatua zikapungua, zikasimama. Zilisimama muda mrefu. Kisha zikaingia ndani kwa mlango wa mbele.

"Pikipiki bado iko hapa." Sauti ya mama ilipita wazi dirishani. "Yeye yuko wapi?"

"Nyuma. Kwa mbuzi."

"Anafanya nini kwa mbuzi?"

"Anakupisha, Yeyo."

Ndani, kijiko kiligonga kitu, friji ikafunguliwa, ikafungwa. Mama akasema jambo kwa Kimaa, refu, asilolielewa, na Naisula akajibu kwa sauti ndogo, na katikati ya maneno Mugo alilisikia neno *mshubiri*. Alifumba macho. Kama ardhi ingekuwa na adabu ingepasuka.

Saa moja jioni ilikuwa imepita, giza linaanza kukusanyika kwenye miiba, Naisula alipotoka. Alibeba trei, kitambaa cha kufumwa juu yake. Akaiweka juu ya jiwe la chumvi ya mbuzi.

"Kumi na saba," alisema. "Daktari ataridhika. Atasema tuendelee na uniti mbili."

"Alikwaruza?"

"Hapana. Alilala."

Walisimama. Mbuzi mmoja akaanza kutafuna mkia wa shati la Mugo, na hakuna aliyemfukuza.

"Mama amesema nini?"

"Anasema nikwambie hajakuona."

Mugo aliinama, akanyoosha pindo la kitambaa kwenye trei.

"Na wewe?"

Naisula alijifunga leso upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

"Mimi nilikuona, Mugo. Nilikuona pale kliniki. Yeyo anaweza kugeuza uso, ni mila yake. Mimi sijui nitageuzia wapi." Akaanza kwenda, akasimama. "Kesho ni Jumapili, niko nyumbani. Jumatatu niko shifti ya asubuhi."

"Nije?"

Naisula aliutoa mkia wa shati mdomoni mwa mbuzi. Akaingia ndani, na mlango wa nyuma haukufungwa; uliachwa wazi kwa upana wa kiganja, mwanga ukichungulia.

Mugo aliondoa kitambaa. Chupa. Sahani. Kikombe kifudifudi. Akakiinua. Chini yake, juu ya sahani, ililala sindano iliyotumika, imewekewa kifuniko, nadhifu. Ya jioni ilikuwa imeshadungwa. Asije akadunga tena.

Akamimina. Hakukuwa na kopo la sukari kwenye trei, na alipoonja akajua kwa nini. Ilikuwa na tangawizi iliyopondwa na vijiko vitatu vya sukari vilivyochemkia ndani, hasa jinsi alivyoipenda tangu utotoni, jinsi ambavyo hakuwahi kumwambia mtu yeyote katika nyumba hiyo isipokuwa Naisula, mwaka jana, kwa mzaha. Mtu alikuwa ameuliza. Mtu alikuwa amekumbuka, kila asubuhi, kabla ya jua.

Alikunywa hadi majani. Vikombe ishirini na sita vya chai hiyo, mshubiri ulivionja vyote. Kwake hiki kilikuwa cha kwanza.